Deni Lililogeuka Sehemu ya Kiwanda

Mususa, Butembo
Tarehe 6 Agosti 2001

Mpendwa yaya Ézéchias, kaka yangu mkubwa,

Kwanza pokea salamu zangu nyingi. Huko Kampala mko wazima? Myriam amepona kifua? Sisi tupo, Mungu anatulinda, ila maharagwe yamepanda bei na Mama anagombana na goti lake kila asubuhi.

Uliniandikia kwa ukali: nichukue pesa yangu kwa Lusenge, nimlete Mama, tuje wote. Unadhani sitaki? Ngoja nikueleze nilivyonaswa.

Unakumbuka Lusenge wa baba mdogo alivyoanza kupika sabuni: mapipa mawili, kuni, na mafuta ya mawese kutoka Oicha. Akataka pesa. Kiwanda cha namna hiyo ungekitia bei gani? Tulibishana, tukaacha. Nikampa kama mkopo wa miaka mitatu. Asipopata mwenzi wa biashara, atanirudishia na faida kidogo. Akija mtu na mali nyingi kununua sehemu ya kiwanda, bei itajulikana kwa kile atakachotoa, na hapo deni langu litageuka sehemu yangu. Tena nitahesabiwa kwa bei nafuu kuliko yake, kwa kuwa mimi niliamini mapema.

Nilikaza ligeuke lenyewe, bila kuulizana. Namjua Lusenge: akinona angenirudishia pesa yangu na kunifungia mlango. Tukanywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwa kibuyu kimoja mbele ya wazee wa ukoo, na unajua kwetu jambo likishanywewa hivyo halivunjwi.

Ilikuwa akili nzuri, yaya, hata leo nasema hivyo. Ila nilimfikiria mfanyabiashara. Sikumfikiria komanda.

Mwezi jana komanda mmoja wa hapa alishusha mafuta kiwandani, lori zima. Usiniulize ameyatoa wapi. Akasema huo ndio mchango wake, na nusu ya kiwanda ni yake. Lusenge alikuja kwangu mbio: "Yaya, nitafanya je? Mutu iko na bunduki, utamuambia non?"

Basi mwenzi amekuja, bei imejulikana, deni limegeuka. Sina tena wa kumdai. Mdaiwa ungemgongea mlango alfajiri. Mwenye sehemu anangoja faida, au atafute wa kumuuzia. Nani atanunua nafasi ya kukaa karibu na yule mtu? Kukana nako siwezi, kibuyu nilikishika kwa mikono yangu.

Niliomba ruhusa ya kupita mpakani Kasindi. Karatasi inasainiwa kwa komanda huyohuyo. Alicheka kwa upole kabisa: "Associée, mwenzangu wa kiwanda, unaenda wapi? Batu batasema tunakimbiza makuta, pesa ya kiwanda. Mama aende. Weye ubakie."

Naogopa, yaya. Mji huu nimezaliwa ndani yake, na sasa nautembea kama ua wa gereza.

Kwa hiyo anayekupa barua hii mkononi ni Mama mwenyewe. Nimeuza mbuzi wangu, nikamlipia gari. Amekubali kupanda kwa sababu nimemwambia nitamfuata wiki ijayo. Akikuomba umsomee, msomee salamu peke yake.

Nisalimie Myriam, Tamar na kale kanene kenu Jéthro. Goti la Mama likandwe kwa maji ya moto kila jioni, hata akikataa, na atakataa. Bikira Maria awafunike wote kwa nguo yake.

Wiki ijayo akikaa mlangoni kunitazamia, mwambie barabara imeharibika.

Ni mimi dada yako, nikupendaye sana,
Jokébed