Mikato Niliyofundishwa na Baba

Jumanne, 12 Mei

Leo naandika yote, hata yaliyoniliza.

Mwalimu wa Kiswahili aliinua insha yangu mbele ya darasa akauliza, "Binti, nani kakuandikia?" Eti kila nilipounganisha sentensi mbili kwa "lakini", mkato upo mahali pake, na watoto wa kijiji hiki cha Igamba hatuandiki hivyo.

Salome akadakia kutoka nyuma, "Mwalimu, amekodi mtu Tunduma huyo!" Darasa zima likacheka. Jina langu likaondolewa kwenye mashindano ya insha ya Vwawa.

Nina hasira. Baba ndiye aliyenifundisha. Yeye husoma neno kanisani, na tukiwa tunachambua kahawa kwenye kichanja huniambia nisome Biblia kwa sauti. Nikipita mkato mbio, anagonga ubao wa kichanja: "Simama hapo, mama, watu wapumue." Miaka yote hiyo, halafu nimekodi mtu?

Na mimi nikakusanya vitabu vyangu tu, nikatoka. Hilo ndilo linaloniuma...

Kesho kabla ya kengele nitakwenda ofisini kwa mwalimu. Labda atanisikiliza. Nitamwambia: Shikamoo, mwalimu. Nipe chaki, niandike sasa hivi ukiniangalia. Nikipatia, utalirudisha jina langu leo hii?