Nguzo za Kertu Juu ya Kilima

Lepaküla, mwezi Mei ukielekea ukingoni

Kwa mdogo wangu mpendwa Endel,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, mgongo umekuachia ukae kitini bila kugeukageuka, na wifi yangu Gunilla anaendelea vizuri na maua yake. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto hulalamika mvua ikikaribia, nami nimeacha kubishana nalo kwa kuwa husema kweli kuliko redio. Mti wa cheri alioupanda baba umechanua tena upande mmoja tu, kama kawaida yake, na kunguru wamekwisha kuanza kuupigia hesabu.

Najua unapenda barua fupi. Hii si fupi. Unakumbuka nilivyokuwa nikiwakataza wanafunzi wangu wa fizikia kufungua majibu nyuma ya kitabu kabla ya kufanya hesabu wenyewe. Nawe nakuomba hivyo hivyo: usirukie ukurasa wa mwisho.

Habari kubwa ni ya mjukuu wangu Kertu. Mwaka huu anamaliza sekondari, na chuo cha ufundi cha Tartu kimemkubali kusomea ujenzi wa mbao, mradi apate cheti. Lakini siku hizi cheti hakitoki kwa mitihani peke yake. Kila mwanafunzi lazima afanye kazi yake moja ya kuhitimu, aibuni na kuitengeneza mwenyewe, kisha aitetee mbele ya jopo. Asipoitetea, au ikikataliwa, hahitimu. Atangoja mwaka mwingine. Mwenzake mmoja alirekodi sauti za ndege wa kinamasini. Mwingine alishona sketi ya asili ya wilaya yetu. Kertu akasema atajenga bembea ya kijiji, pale pale ilipokuwa ile ya zamani, juu ya Kilima cha Bembea.

Najua umeshtuka kusoma jina la kilima hicho. Vuta pumzi, endelea kusoma.

Ile ya zamani uliiona ikioza. Tulikuwa wadogo, na mama alitukataza tusiipande, nasi tukaipanda. Kertu hakuwahi kuiona. Aliijua kwa picha moja tu na kwa maneno yangu, na kwa hayo akachora michoro ambayo mwalimu wake wa useremala, Raivo, aliniambia kwamba hata yeye asingeichora vizuri zaidi. Kipupwe kizima alichagua magogo ya mwaloni, akayamenya magome, akayakausha kwenye banda langu. Theluji ilipoyeyuka akaanza kuchimba mashimo ya nguzo. Na hapo ndipo kosa lilipoingia.

Kanuni ya shule inasema kazi iwe ya mwanafunzi mwenyewe. Kertu aliishika kanuni hiyo kwa mikono miwili. Baba yake alipojitolea kuchimba shimo moja alifukuzwa. Mimi nilipobeba koleo tu, nikaambiwa, “Bibi, weka chini, utanifelisha.” Basi akawa anachimba peke yake kila siku baada ya shule, kilimani, mahali ambapo kijiji kizima kinamwona.

Na kijiji kizima kilimwona, Endel. Wewe umekaa Gothenburg miaka mingi, lakini hujasahau watu wako. Huku kwetu kuomba msaada ni kumsumbua mtu, na kutoa msaada usioombwa ni kumtukana. Kwa hiyo mtoto anatoka jasho juu, na chini mapazia yanafunguka kidogo na kujifunga. Nilimuuliza Ülo, yule jirani mwenye trekta, kama ameona. Akanijibu kwamba ameona vizuri sana, hata anajua ni koleo gani linalotumika, na kwamba shimo la pili limeenda mshazari. Nikamuuliza basi mbona haendi. Akanitazama kama vile nimemwomba aingie nyumbani kwa mtu kupitia dirishani. Akasema kama binti anataka msaada si angesema, kwani hana mdomo?

Likabaki wiki moja kabla ya jopo kuja. Siku hiyo Kertu alijaribu kuisimamisha nguzo ya kwanza kwa kapi na kamba, akiwa peke yake. Kamba ilimshinda. Nguzo ikarudi chini ikaangukia mhimili, ule mti wa kulala ambao bembea yote inaning'inia kwake, ukapasuka kuanzia katikati mpaka mwisho. Yeye hakuumia, namshukuru Mungu. Raivo alikuja kutazama. Akamwambia kwa upole kwamba michoro peke yake haitoshi, jopo litataka kitu kinachosimama na kubembea, na pengine afadhali ajiandae kwa mwaka ujao.

Nilimkuta amekaa juu ya nguzo, halii. Nilitamani alie, ingekuwa rahisi zaidi. Nikafanya nifanyalo siku zote: nikamweleza fizikia. Nikamkumbusha kwamba bembea yetu si ya kamba na mtoto mmoja. Ni jukwaa la mbao lenye watu wanaosimama ncha zote mbili wakitazamana. Wa huku hukunja magoti akajinyoosha, wa kule hupokea mwendo na kuurudisha ukiwa mkubwa zaidi. Mtu mmoja anaweza kuitikisa kidogo, lakini haendi popote. Nikamwambia kwamba kitu kilichobuniwa kwa namna hiyo hakijapata kujengwa na mtu mmoja tangu dunia iumbwe. Hiyo ya zamani ilijengwa kwa ujima, kila nyumba ikitoa mikono. Aliyeiongoza kazi ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuita watu, na hakuna aliyesema si yake.

Kisha akaniuliza kama ina maana kwamba itambidi abishe milango. Nikasema ndiyo. Akasema afadhali achimbe mashimo mengine.

Lakini alikwenda. Alijizoeza kwanza kwangu; alitoka nje ya mlango wa jikoni akabisha mara kadhaa, nami nikamfungulia ili apate mtu wa kumwambia maneno yake. Kisha akaanza kwa Ülo, kwa sababu alimwogopa kuliko wote. Alinisimulia aliporudi, uso mwekundu kama nyanya. Alikuwa hajamaliza sentensi ya kwanza Ülo akampigia kelele, “Kumbe una mdomo, binti! Mimi tangu Aprili trekta imejaa mafuta, nangoja tu uufungue!” Na mhimili? Ülo alikuwa na gogo la mwaloni lililokauka ghalani, alilokuwa akiliweka kwa ajili ya paa lake. Akasema paa limevuja miaka yote hiyo, litavuja na mwaka huu.

Vaike, yule mjane wa nyumba ya njano, yeye alikasirika. Akamwuliza Kertu kwa nini amemfikia mwishoni, au anadhani mikono yake ni ya kufumia soksi tu? Siku ya Jumamosi alifika wa kwanza, na beseni la saladi ya viazi la kulisha kikosi cha jeshi.

Laiti ungeiona Jumamosi hiyo. Kertu alisimama kwenye kisiki na michoro yake, akitoa amri. Ülo alizidharau mbili za kwanza, akarekebishwa mbele ya watu, na kuanzia hapo akawa anaitika “ndiyo, bosi” kila alipoambiwa jambo. Shimo la mshazari likanyooshwa. Nguzo zikasimama, mawe yakashindiliwa, mhimili mpya Kertu akauchonga mwenyewe pale pale huku wengine wakila samaki wa chumvi na mkate mweusi na kumwambia aharakishe kabla saladi haijakwisha. Watu ambao hawajasalimiana tangu ugomvi wa mfereji walishikilia kamba moja. Hawakuzungumza, lakini walivuta pamoja.

Jopo likaja siku ya Alhamisi, hapo hapo kilimani. Mwalimu mkuu, Bi Tiiu, ni mama mkali na mwadilifu. Akasema amesikia kwamba nusu ya kijiji ilikuwa hapa, basi amweleze, katika kazi hii kipi ni chake? Kertu akajibu kwamba michoro ni yake, uchongaji ni wake, mhimili uliopasuka pia ni wake. Halafu akasema kwamba sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa kubisha milango, na hiyo hakuna aliyemsaidia. Raivo akaangalia viatu vyake ili asicheke. Bi Tiiu hakucheka. Alivua viatu vyake vya visigino, akapanda jukwaani, akamwamuru Raivo apande ncha ya pili. Walipofika juu, sketi ikipepea, alipiga ukelele ambao nadhani hajaupiga tangu usichana wake.

Alipokwisha kushuka na kuvaa viatu, akauliza swali la mwisho: mwenye ardhi ameridhia?

Kertu akanigeukia, akitabasamu. Alidhani ni yangu. Sikuwahi kumwambia, Endel, kwamba tuliporudishiwa na serikali shamba la baba mimi nilichukua nyumba na bonde, nawe ukachukua kilima. Wala sikumwambia jinsi ulivyosema, Ülo alipoomba kukata nyasi pale, kwamba mtu asichomeke hata kijiti mpaka utakapojenga nyumba yako. Nilijiambia kwanza kwamba mtoto atabadili wazo. Kisha kwamba hatafika mbali. Kisha nguzo zikasimama, nami nikawa bado sijasema.

Nikainuka. Nikasema mbele ya jopo na kijiji kwamba kilima ni cha ndugu yangu Endel, aliye Gothenburg, na kwamba anajua habari zote na ameridhia kwa moyo mweupe.

Wakampitisha. Bi Tiiu alimshika mkono, na Ülo akapiga honi ya trekta mpaka ng'ombe wa Vaike wakakimbia.

Sasa umejua kwa nini barua ni ndefu. Nilimfundisha mtoto kubisha kila mlango wa kijiji, na mlango mmoja ulionipasa mimi sikuubisha. Niliogopa utakataa, nami nikaona kutokuuliza ni rahisi kuliko kukataliwa, kosa lile lile nililomcheka Ülo. Ukisema nguzo ziondoke, zitaondoka. Nimemuuliza Ülo, anasema anaweza kuzing'oa, ila ingekuwa rahisi kuning'oa mimi. Kertu nitamweleza mwenyewe, na kwa Bi Tiiu nitakwenda kusema kweli. Nadhani cheti hakitaguswa, kwa kuwa uongo ni wangu na si wake, lakini nitalala vizuri zaidi nikiwa na jibu lako. Tafadhali usichelewe, maana Bi Tiiu ameomba anwani yako akuandikie shukrani, nami nimempa. Natamani barua yangu itangulie yake.

Mahafali ni katikati ya Juni, na mkesha wa Jaani, sikukuu yetu ya katikati ya kiangazi, tutawasha moto kilimani kama zamani. Chumba chako nimekifungua madirisha. Kila mtu ameshapanda bembea isipokuwa mimi. Nimewaambia ni kwa sababu ya goti. Ukweli ni kwamba nahitaji mtu wa uzito wangu ncha ya pili, na hapa kijijini wote ama ni wembamba mno ama ni Ülo.

Msalimie sana Gunilla, na mwambie mbegu zake zimeota. Kertu na baba yake wanakusalimu, Vaike pia, na Ülo anauliza kama Uswidi bado kuna trekta nzuri.

Basi nimefika mlangoni kwako, mdogo wangu, nimechelewa lakini nimefika. Hodi.

Dada yako akupendaye,
Leida