Hakuja Mtu, Mama

Mama yangu mpenzi,

Leo nimenunua mche mmoja wa sabuni, nikakusikia kabisa: "Mmoja! Ukiisha kesho utaoga na nini?" Wewe ulinunua katoni nzima, ukaianika miche mpaka ikakauka ikawa migumu, ndipo ukaifungia chumbani. Humo mlikuwa na magunia ya mchele, sukari, viberiti na madebe ya mafuta ya taa. Majirani wetu wa Ibra, huku Oman, walikutania, "Ya Umm Zuwena, duka unafungua lini?" Ukacheka nao. Mwenye kuona haya nilikuwa mimi.

Nilikuuliza mara moja vya nini vyote vile, na duka liko hatua chache tu.

"Wewe ulikuwa mdogo," ukasema. "Hukupanga foleni ya unga Unguja. Hukuwaona wenye bunduki walipoingia ndani wakabeba mpaka chungu kilichokuwa jikoni, tukakimbia na tulichovaa."

Kisha ukaenda Sur msibani, siku tatu. Watu wa Nizwa walikuwa waje kuniposa wiki ile, na chumba kinanuka mafuta ya taa, mchele umeingia wadudu. Nikamwita mwenye pikapu, akavipeleka vyote kwa masikini wa kijiji cha mbali. Nikafagia, nikafukiza udi, nikajiona hodari.

Uliporudi ulisimama mlangoni, buibui bado hujalivua. Hukupiga kelele. Uliniuliza polepole, "Wamekuja?"

Niliogopa, Mama. Hasira zako nazijua, na posa ilikuwa keshokutwa. Nikasema, "Sijui. Nimekuta mlango wazi."

Ukakaa chini pale pale. "Wallahi, hata huku wametufikia."

Tangu siku ile hukuweka akiba tena. Nilidhani umepona, nikafurahi, mjinga mimi. Nilipoolewa ukawa unakuja kunitazama Nizwa, na adhuhuri ukijilaza mkekani hukuvua makubadhi. Ulilala nayo miguuni, uso umeuelekeza mlangoni. Mume wangu aliuliza, nikamwambia ni mazoea ya uzee. Miaka minane nilikuwa na neno moja la kukwambia, na kila ukija nikapika chai badala yake.

Siku ya kukuosha, niliyekuvua makubadhi ni mimi. Bibi muoshaji akauliza, "Mama yako alikuwa anataka kwenda wapi?" Ulikuwa tayari kukimbia, na aliyekukimbiza ni mimi.

Nisamehe, Mama. Lala sasa.

Mwanao,
Zuwena