Matango Katika Madebe ya Kijani

Jumapili, 2 Septemba 1984
Nimemwagilia kabla ya jua. Madebe sita, kata mbili kila debe, shinani tu. Jani la tango likishinda na maji hupata ukungu. Maua ya kike manne yamefunguka. La kike hujulikana kwa kitango kidogo kilicho nyuma yake. La kiume lina kikonyo kitupu. Nyuki hawaonekani. Nimechuma la kiume nikapaka vumbi lake kwenye yale ya kike, moja moja. Bunda, nikiwa ofisa wa kilimo, nilifundisha jambo hili miaka mingi. Nyumbani kwangu nimelifanya baada ya kustaafu.

Shabani, fundi cherehani, jirani yetu, amechungulia kwenye uzio. "Bwana Shamba, madebe yako yamevaa sare kama mgambo!" Ni rangi ya kijani iliyobaki nilipopaka milango. Nimecheka. Nimejisikia kijana.

Jumanne, 4 Septemba
Tango la kwanza. Nyangeta, mke wangu, amelikatakata na kulitia chumvi. Limau hakuna. Tamu sana.

Debe la saba lilikuwa tupu, sikupata samadi ya kulijaza. Nyangeta amemwazima Bi Zuhura, mke wa Shabani. La kwake limetoboka, na hapa Makoko huwezi kununua debe wala ndoo. Hata sabuni ni ya kubahatisha. Ameniambia baada ya kulitoa. Nikasema vizuri.

Alhamisi, 6 Septemba
Mafuta ya kula yamefika dukani. Bi Zuhura alipanga foleni tangu alfajiri na lile debe kichwani. Kapata. Sisi tulichelewa. Jioni harufu ya samaki wa furu wa kukaanga imejaa uani kwetu. "Leo kwa mwenzangu ni Idi," kasema Nyangeta. Shabani yuko Bunda kutafuta kitambaa, kwa hiyo Bi Zuhura anakula peke yake. Sisi furu wa kuchemsha.

Nimefunga kamba mpya za kupandia. Tango likitambaa chini huoza upande mmoja.

Ijumaa, 7 Septemba
Bi Zuhura mgonjwa. Anatapika, jasho linamtiririka. Majirani wamempeleka hospitali. Wanasema malaria. Dawa ya malaria kapewa. Nyangeta amelala huko.

Matango mawili yamefikia kuchumwa. Nimeyaacha.

Jumamosi, 8 Septemba
Niandike kwa utaratibu.

Nimekwenda kumwona Bi Zuhura. Mate yanamtoka mdomoni bila kukoma. Misuli ya shavu inarukaruka. Mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Malaria haifanyi hivyo. Hali hii niliiona Bunda kwa wapiga dawa ya wadudu wa pamba.

Nyangeta akawa anampepea. Akasema, "Masikini, mafuta yenyewe kayafaidi siku moja. Yamebaki mle mle kwenye debe letu."

Debe letu.

Madebe yale yalikuwa ya dawa ya pamba. Nilikuja nayo kutoka Bunda nilipostaafu, kwa sababu kutupa debe zima miaka hii ni kama kutupa ng'ombe. Niliyasugua kwa majivu na mchanga wa ziwani siku mbili. Nikajiambia yatabeba udongo tu. Lakini maji na majivu huondoa kidogo. Sumu ile huyeyuka kwenye mafuta. Iliyobaki kwenye mikunjo ya bati, mafuta yameitoa yote. Najua hayo. Ndiyo kazi niliyolipwa kuijua. Niliwaambia wakulima: toboa debe, fukia. Na picha ya fuvu, onyo kwa asiyejua kusoma, niliipaka kijani kwa mkono wangu.

Nilitoka mpaka mlangoni. Niliwaza: nikinyamaza, itabaki malaria. Niliwaza hivyo. Naandika nisije nikakana baadaye.

Nikarudi nikamwambia daktari. Hakunigombeza. Alikimbilia dawa. Sindano za kuvunja sumu ile zilikuwepo chache kabatini. Nyangeta alinitazama, kisha akaendelea kupepea.

Jumapili, 9 Septemba
Bado anavuta pumzi kwa shida. Daktari hasemi ndiyo wala hapana.

Shabani amerudi. Nimemweleza barazani pa hospitali, yote, tangu mwanzo. Nilianza kuhusu mafuta na bati. Akanikata. "Wewe ndiye ulikuwaga unatutisha na haya madebe. Wewe, Bwana Shamba! Sasa mimi nimuulize nani?"

Kaingia ndani kwa mkewe. Nimekaa pale barazani hadi wageni wote walipofukuzwa.

Jumatatu, 10 Septemba
Yuko hai. Mate yamepungua. Ametaja jina la Shabani.

Nimeng'oa matango yote, na yale makubwa. Nimetoboa madebe saba kwa nyundo na msumari. Shimo la kuyafukia limefika kifuani. Mafuta nimeyamwaga humo humo, Shabani akiangalia. Watu wamesimama kutazama mafuta yakimwagwa. Mama mmoja alilia. Nimewaambia sababu, kila mmoja, na jina langu.

Tango lile la kwanza tulikula wawili. Namchungulia Nyangeta machoni kila saa.

Jumatano, 12 Septemba
Daktari kasema ataishi. Mikono huenda ikachelewa kupona.

Nimelala mchana, na viatu.

Jumatano, 19 Septemba
Bi Zuhura yuko nyumbani tangu juzi. Nimekwenda. Shabani alikuwa kwenye cherehani, aliitikia salamu bila kuinua kichwa. Mkewe alikaa mkekani na kofia anayoitarizi. Mikono inamtetemeka, uzi haupiti. Alijaribu mara nyingi. Kisha akaninyooshea sindano.

Miwani yangu ni ya zamani. Nimechukua muda. Nimemtilia uzi sindano tatu, nikazichomeka kwenye kitambaa zimfae hadi kesho.

"Uje asubuhi," kasema Shabani.

Nitakwenda.