Protoni ya Deo na Macho ya Bibi Kabula

Jumamosi, 1996. Mvua imetwanga bati tangu alfajiri, Kiseke yote ni tope. Hata mimi, fundi ninayesifika Igoma nzima kwa kutambua injini mbovu huku nakunywa chai, leo sina la kujisifu.

Asubuhi nimemnyoa Deo, mdogo wangu. Kichwa chake kilikuwa chepesi mkononi kama kibuyu.

Alirudi kutoka Ujerumani miezi minne iliyopita, masomo hayajaisha, mwili umekwisha. Gereji nimewatangazia kwamba kule alikuwa anapasua protoni, kile kidude kilicho ndani ya kiini cha atomu, kwa panga la umeme. Nilipomwambia hivyo, alicheka mpaka akakohoa.

"Kaka, acha fiksi. Protoni huifungui kama giaboksi. Unairushia elektroni, unaangalia zinavyotawanyika. Zilivyopinda, huo ndio ushahidi."

Kwa mtawanyiko huo, anasema, wanapiga hesabu na kujua ndani mna vipande viitwavyo kwaki. Tena mna gluoni, gundi inayovishika pamoja. Elektroni haizigusi gluoni kabisa. Walizishtukia kwa sababu kwaki peke yake hazikutosha. Karibu nusu ya msukumo wa protoni ulibebwa na kitu ambacho hawakukiona.

Mimi na darasa la saba langu nilielewa. Baada ya chakula cha mchana nikaelewa zaidi, na sikupenda.

Alikuja Masanja, jirani. Miezi yote hii ananiuliza Deo anaumwa nini, nami namchekesha: mara baridi ya Ulaya, mara ini, mara soseji za Wazungu. Leo hakuuliza.

"Fundi, tumeshamjua anayemroga. Ni yule bibi wa macho mekundu."

Bibi Kabula! Anabanika sangara kwa moshi tangu mimi sijaoa, macho yataachaje kuwa mekundu? Ndiye anayemletea Deo uji kila asubuhi. Jana bati lake lilipigwa mawe. Huku kwetu mawe ni hodi tu; kinachofuata ni panga.

Nami nikafanya nini? Nikatania. Nikasema bibi mwenyewe hana meno, atamla nani.

Masanja hakucheka.

Alipoondoka, Deo aliniita toka chumbani. "Kaka, kila wakikurushia swali unakwepa. Wameona unavyokwepa, wakajua kuna kitu umeficha. Hapo hawakukosea. Wamekosea jina lake tu. Sema, kaka. Mimi nakufa, yeye wasimuue."

Sijui kulia kwa staha. Nililia kama lori linalopandishwa mlima kwa gia kubwa.

Kesho jumuiya inasali hapa kwetu, na Masanja atakuwepo. Nitamkalisha Bibi Kabula kando yangu, halafu nitalitaja lile neno ambalo mdomo wangu huu, usioshindwa kusema kitu, umelikimbia miezi minne.

Nimeona niliandike hapa kwanza, nione kama mkono utakatika.

UKIMWI.

Haukukatika.