Kiwanja Kimebaki

Jumapili, 6 Julai 2025

Nimefunga Ashura leo na bado nimetukana. Astaghfirullah. Lakini nani angevumilia?

Dija, rafiki yangu na mwanachama mwenzangu, kaja alasiri na habari. Timu yetu, Kombaini ya Zinga, inapewa mwekezaji. Sawa, hilo tulilijua. Tumepanda daraja, na wachezaji wa kulipwa hawalishwi kwa michango ya wauza mihogo. Ila Dija anasema kwenye mkataba kiwanja nacho kimo! Yule bwana anataka kujenga maduka upande wa barabara kuu.

Kiwanja cha Bibi Mosi! Bibi yangu mzaa baba alikitoa wakfu, vijana wa Zinga wachezee mpira, thawabu zimfuate kaburini. Watu walimcheka — wakfu wa mpira! Akasema kijana akicheza haibi kuku.

Na timu ni ya wanachama. Kadi moja, kura moja, uwe na hoteli au uwe fundi cherehani kama mimi. Jezi zao za mwanzo nilizishona mimi. Leo aje mtu na miwani yake ya jua ajipimie?

Nimefuturu maji na tende moja. Nafasi iliyobaki imejaa hasira.

Jumanne, 8 Julai

Abdulwahab, mwenyekiti wetu, kaja. Kunituliza, bila shaka. Nimemwona dirishani anapangusa viatu.

Hodi. Kimya. Hodi. Kimya. Ya tatu nikakanyaga cherehani kwa makusudi, asikie kuwa nipo na simtaki. Adabu anaijua: mara tatu, usipoitikiwa unarudi ulikotoka. Kaenda zake. Aende!

Mikdad kanisema wakati wa chakula. Mtoto wa marehemu kaka yangu huyu, nimemlea tangu hajaota meno, leo ndiye kipa wa Kombaini na ananifunza tabia. Eti yule ni mtu mzima. Nikamwambia mtu mzima hovyo! Akacheka, akala na wali wangu.

Ijumaa, 11 Julai

Nimemsubiri sheikh baada ya swala. Hakuzunguka. Wakfu hauuzwi, haurithiwi, hapewi mtu. Nikamwomba aje ayaseme Jumapili kwenye mkutano wa wanachama. Akasema mdomo ninao wa kutosha.

Kweli ninao.

Jumapili, 13 Julai

Tumeshinda!

Darasa la shule limejaa hadi madirishani. Mwekezaji kijana tu, mpole, kanipa shikamoo mbele za watu. Nikaitika marahaba kwa nusu mdomo. Kisha nikasimama. Nikamtaja Bibi Mosi, nikamtaja sheikh, nikasema atakayegusa kiwanja kile atajibu kwa Mungu, na kabla hajafika kwa Mungu atajibu kwangu. Watu wakapiga takbira. Dija vigelegele.

Yule bwana hakubisha hata kidogo. Katoa kalamu, kakifuta kipengele cha kiwanja palepale. Eti mama kasema, kiwanja ni chenu, timu tu inanitosha.

Abdulwahab akanitazama vibaya. Nikamtazama vibaya zaidi.

Wanaokubali mkataba wanyooshe mikono! Wangu ulikuwa wa kwanza. Sasa nikatae nini tena? Nje Mikdad kanibeba juujuu, na uzito wangu huu.

Jumatano, 16 Julai

Nitaandika polepole nisichane karatasi.

Timu inahamia Dar. Mazoezi huko, mechi huko, na jina linabadilishwa. Zinga haimo.

Nimekwenda kwa Abdulwahab, nimeingia bila hodi, nikamwita msaliti mbele ya mkewe. Hakupandisha sauti, ndiyo iliyoniudhi zaidi. Kasema maduka yale ndiyo yangemfunga yule bwana abaki Zinga. Kipengele kilipofutwa, hakuna kinachomshika hapa. Mwenye timu anaichezesha anapotaka. Yeye alitaka twende pamoja kwa sheikh, tuulize kama kiwanja kinaweza kukodishwa kipande bila kuuzwa.

Nikamwambia, na hayo yote ulikaa nayo kimya?

Akasema, "Bi Wahida, nilikuja Jumanne. Nilipiga hodi tatu. Cherehani nilikuwa naisikia."

Na Jumapili? Akasema Jumapili alinyoosha kidole mara mbili, nikamzomea na watu wakanifuata. Ni kweli. Nilimzomea.

Tumelinda banda, kuku wamebebwa. Na mlango nimewafungulia mimi! Hasira hii sijui niielekeze wapi. Nimevunja sindano mbili za cherehani na gauni la watu limeharibika.

Jumamosi, 19 Julai

Basi lao liko kiwanjani tangu asubuhi. Rangi mpya, jina jipya ubavuni. Mbuzi wa Dija wameshaingia golini, hakuna wa kuwafukuza.

Jana Mikdad kaketi nami uani. Kasema, "Shangazi, mimi kipa. Nakaa lilipo goli." Nikamjibu goli liko hapa, la mama wa babu yako! Halafu kasema basi halipandi bila radhi yangu, maana hana mzazi mwingine. Nikimnyima, atabaki Zinga. Kaapa, na hana kawaida ya kuapa.

Sikumjibu. Tangu alfajiri nimejifungia.

Nikimnyima anabaki. Nitakuwa na kiwanja na kipa. Adake mipira ya nani? Ya mbuzi?

Nikimpa, ndiyo nimemkabidhi yule bwana kila kitu kwa mikono yangu. Mwizi yule na shikamoo zake! Na wale wote waliopiga makofi! Na mkono wangu huu, ulionyooka wa kwanza!

Basi linapiga honi.

Miguu yake hiyo, uani. Naijua.

"Hodi, Shangazi."

Nimekaa. Mguu uko juu ya cherehani, sijakanyaga.

Honi tena. Wanamharakisha, washenzi.

"Hodi, Shangazi." Sauti imeshuka.

Imebaki moja. Ya nne hatapiga — adabu hiyo nilimfunza mimi.