Maziwa ya Mtoto

Kibenga, Bujumbura
Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri

Mama yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, nikikuombea usingizi mzuri na nafuu ya miguu. Ile dawa ya kuchua aliyokutumia mkweo Shakuru imekufaa, au umempa jirani kama kawaida yako? Mdogo wangu Mohamadi na watu wa nyumbani kwake hawajambo? Sisi tunakula na kulala vizuri. Yunusi ameanza kucheka kwa sauti, hasa akimwona baba yake anavaa viatu.

Nimeona bora nikuandikie, maana kwenye simu unasikia nusu, na ile nusu nyingine Mohamadi anaijaza mwenyewe. Jambo hili nataka ulisome kwa macho yako, umevaa miwani, na mtu asikusomee. Shakuru ataikabidhi barua bandarini kwa baharia anayemfahamu, na huyo ameahidi kuifikisha Kigoma mpaka mlangoni kwako.

Ujumbe wako niliupata. Ulisema mama mkwe wangu Zubeda arudishwe kwake Buyenzi, na kama mimi ninaona haya kumwambia, utapanda meli uje kumchukua Yunusi umlee mwenyewe. Sikukasirika, Mama. Ningesikia mjukuu wangu amelazwa kwa sababu ya mkono wa bibi yake mwingine, ningesema zaidi ya hayo. Lakini habari ilikufikia ikiwa katikati. Naomba nikupe kisa chote, kisha uamue.

Unakumbuka nyumbani kwetu jinsi maziwa yalivyokuwa na majina. Ya ng'ombe wewe uliyaita maziwa ya chai, hata siku ambayo majani ya chai hayakuwepo. Yaliyoganda yalikuwa maziwa ya kulala. Ya unga tuliyaita maziwa ya Idi, kwa kuwa Baba alinunua kopo siku ya Idi tu. Na ya titi yalikuwa maziwa ya mtoto. Ukimnyonyesha Mohamadi ulikuwa unanifukuza ukisema niache maziwa ya mtoto, mimi nimeshakua. Nilikua nikidhani dunia nzima inasema hivyo.

Likizo yangu ya uzazi ilipokwisha, ilibidi nirudi ofisini Kinindo. Mwenzangu wa kazini, Laure, alinipa kifaa chake cha kukamulia, akanifundisha kuyaweka maziwa kwenye chupa ndogo na kuzipanga ndani ya friji. Mama Zubeda alikubali kufunga kibanda chake cha vitenge sokoni aje kukaa na mtoto. Aliwasili jioni na begi moja. Unamjua, si mtu wa maneno mengi. Asubuhi, gari la kazini likinisubiri nje, nilimwambia, «Maman, maziwa ya mtoto yako kwenye friji. Akilia muyapashe kidogo, mumpe.» Akanijibu, «Nenda kazi, binti yangu. Hiyo najua.»

Ndani ya friji kulikuwa na chupa zangu, na pembeni sufuria ya maziwa ya ng'ombe ambayo Shakuru huchemsha kwa ajili ya chai. Mama Zubeda alichukua sufuria.

Sikujua. Kila jioni nilikuta chupa zangu tupu, zimeoshwa, zimefunikwa na kitambaa safi, nikamshukuru Mungu kwamba mtoto anakunywa vizuri. Tumbo lilikuwa likimsokota, analia, nami nikasema ni kunikosa mchana kutwa. Kisha akaanza kuhara. Kisha akatapika, hata ya kwangu niliyompa usiku akayarudisha. Siku aliposhindwa hata kulia, akabaki anafungua mdomo bila sauti, tulimfunga kwenye kitenge tukakimbia hospitali.

Hapo ndipo lile jina lilipotutesa zaidi. Muuguzi aliuliza mtoto anakula nini. Mama Zubeda akajibu upesi kwamba anapewa maziwa ya mtoto tu, hajalamba kitu kingine. Na mimi nikaitikia, maana niliamini ndivyo. Basi wakatafuta ugonjwa kwenye damu, wakatafuta malaria, wakamtundikia maji kwa mshipa wa kichwani kwa sababu wa mkononi ulikuwa umepotea. Mama, nilimwona mwanangu na sindano kichwani, macho yameingia ndani kama ya mzee, na hakuna aliyeweza kuniambia sababu. Usiombe kuona.

Aliyetufumbua macho ni Mzee Tajudini, mjomba wa Shakuru. Alikuja wodini kutupa pole, na kwa kutaka kumfariji dada yake akaanza kusifia chai aliyokuwa akinyweshwa nyumbani kwetu kila alipopita. Alisema ina utamu wake wa peke yake, akauliza maziwa yale tunanunua wapi. Mama Zubeda akamwambia ni yale mepesi ya kwenye vichupa; yale mazuri ya kwenye sufuria alikuwa akimwekea mtoto.

Vichupa vile vilikuwa vyangu. Muuguzi alikuwa karibu, naye akasikia. Alimwita daktari, na matibabu yakageuzwa saa ileile. Mzee Tajudini alipoelewa alichokuwa akinywa, aliinuka akatoka nje bila kuaga. Baadaye tukasikia amekwenda moja kwa moja kwa sheikh kuuliza kama sasa yeye ni mwanangu wa kunyonya. Sheikh alimtuliza kwamba mtu mwenye mvi hafanywi mtoto kwa kikombe cha chai. Hata hivyo tangu siku hiyo ananiita Mama, na mke wake anacheka mpaka anashika ukuta. Mimi wakati ule sikuweza kucheka.

Ndipo nilipokupigia simu nikilia, na ndipo wewe ulipotoa uamuzi wako, na Mama Zubeda akausikia.

Tuliporudi nyumbani niliomba siku zaidi kazini, nikajifungia chumbani na Yunusi. Mama Zubeda nilimsalimia asubuhi na jioni kama mtu anavyomsalimia mgeni wa jirani. Hakujitetea. Alipika, alifagia, akaniwekea uji mlangoni. Chupa zangu hakuzigusa tena. Nikiziacha mezani alizizunguka kama sufuria yenye moto. Nikaona moyoni kwamba anayachukia maziwa yangu, anayaona uchafu, na pengine aliyamwaga kwenye chai kwa makusudi. Ndiyo, Mama, nilifika huko.

Alasiri moja usingizi ulinichukua. Nilipoamka, Yunusi hakuwa pembeni yangu. Nilitoka mbio bila kitambaa kichwani. Begi la Mama Zubeda lilikuwa sebuleni, limefungwa, na kandambili zake hazikuwepo. Nikajua amekwenda naye.

Walikuwa barazani. Amekaa kwenye mkeka, Yunusi mapajani, na chupa yangu mkononi. Alikuwa ameipasha kwenye bakuli la maji ya moto, maana bakuli lilikuwa bado linatoa mvuke. Mtoto alikuwa anavuta taratibu, mkono wake mdogo umeshika kidole cha bibi yake. Na Mama Zubeda alikuwa analia bila kujifuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Alisema alitaka amlishe mara moja vizuri kabla ya kuondoka. Kisha akaniuliza, «Haya yote yanatoka kwako, kila siku?» Nikamjibu ndiyo. Akainua chupa akaitazama kwenye mwanga. «Mi kwangu hayakutoka hata tone.»

Nikakaa chini. Akanieleza mambo ambayo hajawahi kumweleza mtu, na amenipa ruhusa nikuandikie.

Shakuru alizaliwa miaka ya vita, wakati mji umekatwa vipande na watu wa mtaa mmoja hawapiti wa pili. Alikuwa hajatimiza siku arobaini baba yake alipotoka kutafuta mkate, na hakurudi, wala hakupatikana wa kuzika. Mama Zubeda alisema asubuhi yake maziwa yalikuwa yamekauka, kama mtu amefunga bomba. Alikunywa uji, akakandwa, akaombewa, wapi. Wanawake wa uani wakaanza kusema kwamba mama asiye na maziwa ana jambo. Kwa hiyo alikuwa akikaa ameupa mlango mgongo, amemfunika mtoto na kanga kana kwamba ananyonya, na chini ya kanga mtoto analamba maji ya sukari kwenye kidole chake.

Aliyegundua ni mwanamke anayeitwa Consolate, mkristo, waliyekuwa wakiuza pamoja sokoni kabla ya vita. Wakati huo alikuwa akifanya kazi za nyumbani kwa tajiri mmoja wa huku Kinindo, ambaye alifuga ng'ombe nyuma ya nyumba, na kila siku alipewa maziwa kidogo ya wanawe. Akayagawa. Alivuka vizuizi na wenye bunduki, maziwa yakiwa kwenye chupa ya chai chini ya kitenge chake, akayafikisha Buyenzi. Alipofika alisema neno moja tu kupitia tundu la ua: «Maziwa ya mutoto.» Na kweli hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuyagusa katika nyumba ile, hata Mama Zubeda mwenyewe akiwa na njaa. Alikuwa akiyaongeza maji yaliyochemshwa ili yafike jioni. Kwa hayo Shakuru akapona, akatembea, akawa huyu mkwe wako.

Consolate alifia Gitega kwa ugonjwa, miaka mingi baadaye. Mama Zubeda alikwenda kumzika, akamwambia mwanawe ni mtu wa sokoni.

Sasa uelewe, Mama. Nilipomwambia maziwa ya mtoto yako kwenye friji, alifungua akayaona yale anayoyajua, sufuria nzima, meupe, mazito. Alisema alifurahi kwamba Yunusi atapata kamili, hayatakuwa ya kuongezwa maji kama ya baba yake. Alikuwa anamwekea kilicho bora.

Nilimwambia Shakuru jioni, mama yake akiwepo. Alikuwa akijua tangu utotoni kwamba amenyonya miaka miwili kamili, na alikuwa akijivunia. Kisha akahama kwenye kiti akakaa mkekani, akalaza kichwa begani kwa mama yake, mwanamume mzima mwenye ndevu. Akamwomba amweleze tena habari za Consolate, polepole, na jina la ukoo wake, ili awatafute watoto wake.

Nina jambo la mwisho, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nimemwomba Mama Zubeda abaki. Amekataa. Anasema mama wa Khadidja ametoa neno, na yeye hawezi kukaa kwenye nyumba ambayo bamwana wake, ndivyo wanavyomwita huku mama wa mkwe, hamtaki. Begi bado limefungwa. Kila asubuhi anatoa nguo ya siku ile, jioni anaikunja anairudisha. Hakuna anayeweza kumfungulia isipokuwa wewe.

Basi panda meli, lakini usije kumchukua mtoto. Njoo kama mgeni wetu. Kitanda kipo, na chai tunakunywa ya ng'ombe, nimehakikisha.

Wasalimie wote, umbusu Mohamadi hata akikataa. Shakuru anakuamkia, na Mzee Tajudini anasema nikuamkie wewe bibi yake. Nilipomwuliza Mama Zubeda kama ana salamu, aliniambia niandike hivi hivi nisibadilishe:

«Mwambie bamwana wangu, mi nilizaa mutoto mumoja, na huyo sikumunyonyesha. Kwa hiyo kumuachisha mutoto ziwa sijui, sijawahi. Siku ya Yunusi ikifika, aje anionyeshe. Mi nitamushika mutoto.»

Ni mimi mwanao akupendaye,

Khadidja